Walioishi Hapa Kabla Yetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Akiolojia ya Kanda ya Ziwa

Kila ninapotembeza wanafunzi au wageni kwenye miamba ya Mwanza, maswali ni yale yale. Mengine huulizwa kwa hamu, mengine kwa mashaka, na machache kwa hasira, hasa likija suala la nani alikuwa wa kwanza. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Palipo na mengi ya kusema nimesema, na palipotosha mstari mmoja nimeuacha mmoja.

Kwani Mwanza kuna akiolojia? Mimi nilijua ni Olduvai na Kilwa tu.

Ipo, na huenda umeikanyaga leo asubuhi. Olduvai ina mifupa na zana za mawe za karibu miaka milioni mbili. Kilwa ina misikiti na kuta za matumbawe ambazo hata mtoto akizitazama anajua hapa palikuwa na mji. Huku kwetu mabaki hayasimami wima. Ni vigae vya vyungu vilivyochanganyika na kokoto, mavi ya chuma (takataka za tanuru la kuyeyushia chuma) kwenye matuta ya mihogo, mashimo laini ya kusagia nafaka juu ya majabali, michoro iliyofifia chini ya miamba. Uchunguzi uliopangika wa Mkoa wa Mwanza ulichapishwa mwaka 1969 na Robert Soper na mwenzake B. Golden. Moja ya sehemu walizochimba ni pango la mwamba la Nyang'oma, ambalo lilitoa vyungu vya wavuvi na wawindaji walioishi hapa kabla ya jembe la chuma kufika.

Haya majabali yetu ya graniti yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kwa mtu wa kale yalikuwa nyumba tayari: paa lipo, ukuta upo, upepo wa ziwa unapita pembeni.

Ziwa Victoria limekuwepo siku zote?

Hapana. Watafiti waliotoboa tope la chini ya ziwa walikuta tabaka la udongo mkavu wenye mizizi ya majani, alama ya nchi kavu. Miaka kama 17,000 iliyopita, wakati wa ukame mkali, ziwa lilikauka, likarudi kujaa kuanzia miaka kama 15,000 iliyopita. Si ajabu sana ukikumbuka kuwa ziwa hili ni pana mno lakini si la kina: penye kina kikubwa kabisa ni kama mita 80. Kwa hiyo kila mvuvi aliyewahi kutupa nyavu kwenye maji haya, wa zamani na wa leo, ni mgeni wa ziwa changa.

Ni nani wa kwanza tunaowafahamu vizuri katika ukanda huu?

Wanaakiolojia wanawaita watu wa Kansyore, kwa jina la kisiwa kidogo katika Mto Kagera ambako vyungu vyao vilichimbwa na Susan Chapman miaka ya 1960. Hilo ni jina la vyungu. Wenyewe walijiita jina lao, na jina hilo limekwenda nao.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hawa watu wanapita midomoni mwa walimu kwa sentensi moja tu, "wawindaji na waokota matunda," halafu kipindi kinahamia kwingine. Hawakustahili hivyo. Mabaki yao ya zamani zaidi yana miaka kama 8,000, na mila ya vyungu vyao iliendelea hadi miaka kama 2,000 iliyopita. Walifinyanga vyungu, wakavijaza nakshi za kudonolewa na kugandamizwa, na hawakuwa na shamba wala ng'ombe kwa sehemu kubwa ya muda huo. Vitabu vingi vya dunia hufundisha kwamba chungu humfuata mkulima. Wavuvi wetu walikuwa na vyungu maelfu ya miaka kabla ya mtama kupandwa kando ya ziwa hili.

Kisha tazama walivyoishi. Upande wa Kenya, karibu na Ghuba ya Winam, kuna marundo makubwa ya makombe yaliyoliwa ufukweni, sehemu kama Luanda na White Rock Point. Mbali na ufuko, kwenye maporomoko ya mito kama Gogo Falls, kuna makambi mengine yenye vyungu vile vile na mifupa ya samaki. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba walifuata majira. Kiangazi walikaa ufukweni wakila makombe na samaki wa karibu. Masika yakiingia, samaki kama ningu wanapopanda mito kwenda kuzaa, watu nao walihamia kwenye maporomoko kuwasubiri. Mvuvi yeyote mzee wa Kanda ya Ziwa atakueleza ningu walivyokuwa wakipanda mto mvua zikianza.

Samaki wa namna hiyo huja wengi kwa siku chache. Lazima watu wakutane, wagawane nafasi za kutegea, wakaushe, waweke akiba. Lazima awepo anayesema nani atege wapi. Ukiniuliza mambo ya uongozi na haki za mali yalianzia wapi katika ukanda huu, sitaanza na mfalme. Nitaanza na mgono kwenye maporomoko.

Walikula sangara?

Hapana. Sangara aliingizwa ziwani katikati ya karne ya 20. Wao walikula ningu, kuyu, kambale, kamongo na furu.

Hao walikuwa Wasukuma?

Swali hili hunijia kwa majina tofauti: walikuwa Wakerewe? Wajaluo? Wahaya? Jibu ni lile lile. Makabila tunayoyafahamu leo yameundwa polepole, kwa watu wa asili mbalimbali kukaa pamoja, kuoana na kuchukua lugha. Chungu hakiongei lugha. Kinachoonekana ardhini ni kwamba mila haikufutwa mara moja na nyingine kuanza kesho yake. Pale Gogo Falls kuna tabaka lenye vyungu vya Kansyore, na juu yake vyungu vya Elmenteita vya wafugaji, pamoja na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo iliyochanganyika na ya wanyama wa porini na samaki. Wafugaji waliofika ziwani hawakuacha kuvua.

Anayetaka kutumia akiolojia kumwambia jirani yake "sisi ni wa kwanza, nyinyi wa kuja" hatapata msaada kutoka kwangu.

Urewe ni nini, na kwa nini kila mtafiti analitaja?

Urewe ni mahali katika eneo la Siaya, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1948 Mary Leakey, Padri W. E. Owen na Louis Leakey walieleza vyungu vya namna ya pekee vilivyopatikana huko: midomo iliyokatwa kwa pande, nakshi za mistari iliyochorwa kwa mkono usiotetemeka, na chini kabisa ya chungu kishimo kidogo kama cha kidole gumba. Kwa sababu ya kishimo hicho mwanzoni viliitwa kwa jina la kitako chao. Baadaye vikapewa jina la Urewe.

Umuhimu wake ni kwamba vinapatikana ukanda mzima: Rwanda, Burundi, Kagera, kusini mwa Uganda, magharibi mwa Kenya na huku kusini mwa ziwa, kuanzia karne chache kabla ya Kristo. Na mara nyingi vinaandamana na kazi ya chuma na makazi ya wakulima. Wanaisimu nao, kwa kulinganisha lugha za Kibantu za Maziwa Makuu, huona maneno ya kilimo, chuma na ufugaji yakikutana katika kipindi hicho hicho. Kilimo chenyewe kilikuja kwa vipande. Katika pango la Kakapel, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, mbegu za kunde zimepimwa na kukutwa na miaka kama 2,300, wakati mtama na ulezi wa hapo ni wa kuanzia miaka kama 1,000. Yaani hakuna siku moja ambayo "kilimo kilifika." Kunde zilitangulia, nafaka zikafuata.

Nimewahi kushika kigae cha Urewe mkononi. Ni chembamba, kimechomwa vizuri, na mistari yake imepangwa kwa subira. Aliyekitengeneza hakuwa anahangaika tu na chakula cha siku hiyo.

Ni kweli Wahaya walitengeneza feleji (chuma cha pua) miaka 2,000 iliyopita, kabla ya Wazungu?

Swali hili linazunguka sana mitandaoni, na huja limevimba. Nitalitenganisha.

La kwanza, ni kweli kwamba Kagera kuna ushahidi wa kuyeyusha chuma wa zamani sana. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, alianza kufanya kazi Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960. Alichofanya tofauti na wengi ni kukaa na wazee kwanza na kuchimba baadaye. Wazee wa Katuruka, Maruku, walimwonyesha mti mkubwa uitwao Kaiija, jina linalohusishwa na mahali pa kufulia chuma. Simulizi zilisema kwamba hapo zamani watu walifua chuma wakitaka kujenga mnara wa kufika mbinguni. Mtu mwingine angeandika "hadithi" na kuondoka. Schmidt akachimba, na karibu na mti huo akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Mahali hapo hapo ndipo Mfalme Rugamora Mahe, wa karne ya 17, alipokuwa na makao yake. Naiona akili ya kisiasa hapo: ukitaka kutawala Wahaya, weka kiti chako kwenye kumbukumbu ya chuma.

La pili, ni kweli kwamba miaka ya 1970 wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao walijenga tanuru upya ili ujuzi wao uonekane na kupimwa. Shimo lilipakwa udongo wa kichuguu. Ndani yake walichoma matete ya bwawani hadi yakawa masizi na makaa. Juu yake wakainua mnara wa mabonge ya mavi ya chuma ya zamani na udongo, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuru, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikapuliza kwa saa nyingi. Kilichotoka ni bonge la chuma lenye kaboni ya kutosha kuitwa feleji katika baadhi ya sehemu zake. Matanuru ya kale yaliyochimbwa Ghuba ya Kemondo, ya miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita, yalionyesha dalili za utaalamu unaofanana. Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo mwaka 1978, na magazeti ya dunia yakalipuka.

La tatu ni lile ambalo mitandao huliacha. Schmidt na Avery walisema kwamba mirija iliyoingia ndani ya tanuru ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba joto lilizidi nyuzi 1,800. Wataalamu wengine wa madini, akiwemo David Killick, walipinga maelezo hayo ya hewa kupashwa moto, na mjadala umeendelea kwa miaka mingi. Pia feleji ya Wahaya ilitoka kidogo kidogo, bonge kwa bonge. Kuifananisha na viwanda vya Ulaya vya karne ya 19 ni kulinganisha vitu viwili visivyo na kazi moja.

Je, hilo linapunguza heshima yao? Kwangu halipunguzi hata chembe. Kutoa chuma kwenye jiwe kwa udongo, matete na pumzi ya ngozi ya mbuzi, ukijua kwa macho na masikio tu moto umefika wapi, ni elimu ya juu. Haihitaji kuongezewa chumvi.

Kwa nini wafua chuma walikatazwa kulala na wake zao wakati wa kazi?

Kwa sababu tanuru lilikuwa tumbo la uzazi. Lilipokea mbegu, likapata joto, likazaa chuma, na baba yake hakupaswa kutoka nje. Mawazo ya namna hii yameandikwa kwa Wahaya na kwa Warongo wa upande wa Geita. Na si ya juzi: chini ya baadhi ya matanuru ya kale ya Kemondo watafiti walikuta vishimo vidogo vilivyochimbwa katikati ya shimo kubwa, alama kwamba kitu kiliwekwa hapo kwa tambiko kabla moto haujawashwa.

Shambani kwangu kuna mawe meusi mazito yenye matundu. Ni kimondo?

Karibu kila mara ni mavi ya chuma, yale mabaki yanayotiririka tanurini na kuganda. Ukiona sehemu laini kama uji uliomwagika ukakauka, hilo ndilo. Upande wa Geita, Chato na Biharamulo yapo mengi, kazi ya Warongo waliokuwa mabingwa wa chuma kusini mwa ziwa. Majembe yao, pamoja na yale ya Wasumbwa, yalifika Usukuma na kutumika hata kulipia mahari. Kwa hiyo rundo hilo unaloliondoa ili mahindi yaote vizuri huenda ndilo lililomwolea mtu mke. Usilitupe mtoni. Liache pembeni, andika lilipokuwa, piga picha.

Kama walikuwa na ustaarabu, mbona hakuna majumba ya mawe wala maandishi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na linaniuma pia, kwa sababu mara nyingi anayeuliza ni mwanafunzi wetu mwenyewe na ameshajibu moyoni.

Kwanza, kuta zipo, ila hazikujengwa hapa Mwanza. Thimlich Ohinga, upande wa Migori nchini Kenya, ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikiza, kuta za hadi mita 4.5 kwenda juu, ya karne ya 16 hivi. Mwaka 2018 yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Bigo bya Mugenyi, karibu na Mto Katonga nchini Uganda, ni mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 yakijumlishwa, mengine yamechongwa hadi kwenye mwamba. Handaki la namna hiyo halichimbwi na ukoo mmoja. Kuna mtu aliita watu wakaja, akawalisha, wakarudi kesho.

Pili, na hili ndilo kubwa, mali ya ukanda huu haikuwa mawe. Ardhi ilikuwepo, mawe yalikuwepo. Kilichokuwa adimu ni watu. Mtawala aliyewabana watu wake alilala nao, akaamka peke yake, wamevuka mto kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo mamlaka yalijengwa kwa vitu vinavyowavuta watu: mvua, tiba, ng'ombe wa kukopeshwa, chuma, hukumu ya haki, ngoma. Ikulu ilijengwa kwa miti na nyasi, na mara nyingi mtawala akifa makao yalihama. Ukitafuta jumba la mawe la utawala wa namna hiyo, unatafuta kitu ambacho wenyewe hawakukihitaji.

Na hilo neno ikulu limetokana na huku bara, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, lilikokuwa na maana ya makao ya mtemi. Nchi nzima inalitamka kila siku.

Basi wanaakiolojia wanajuaje kwamba kulikuwa na watawala na watawaliwa?

Hutazama mabadiliko. Kati ya karne ya 8 na ya 11 hivi mambo mengi yaligeuka. Vyungu vya Urewe vilififia, vikaja vya kunakshiwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Makazi yalisogea hadi kwenye nchi kavu ya nyasi ambako ng'ombe hustawi. Ntusi, kusini magharibi mwa Uganda, ni mfano mkubwa: kuanzia karne ya 11 hadi ya 15 hivi watu walikaa pamoja kwa wingi, wakilima nafaka na kufuga ng'ombe wengi, wakiacha vichuguu vikubwa vya taka vyenye mifupa, vigae na mawe ya kusagia. Kuna mabaki ya uchongaji wa pembe za ndovu na shanga chache za kioo zilizotoka mbali, huko Pwani. Mtu akianza kuwa na kitu ambacho jirani hana njia ya kukipata, hapo utafiti wa matabaka ya watu unaanza.

Jambo lingine ni kichwa cha Luzira: sanamu ya udongo ya mtu iliyopatikana mwaka 1929 pale Luzira, Kampala, na sasa iko Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Inaelekea ilitengenezwa kipindi hicho cha mageuzi, kabla ya falme tunazozijua kwa majina. Kwa maoni yangu inapaswa kuwa huku ziwani, siyo London.

Kisha kuna alama za kifalme. Karagwe, kule Bweranyange, ambako wasafiri wa Uingereza, Speke na Grant, walimkuta Mfalme Rumanyika mwaka 1861, hazina ya mfalme ilikuwa na ng'ombe wadogo wa chuma, nyundo na fuawe. Rwanda, kaburi la Mfalme Cyirima Rujugira lilipochimbwa na Francis Van Noten, alikutwa amezikwa na nyundo za chuma. Mfalme hakuwa lazima afue chuma kwa mikono yake. Alijitwalia heshima ya mhunzi. Ndiyo maana nasema mhunzi alitangulia, mfalme akaja kuketi kwenye kigoda chake.

Wachwezi walikuwa watu wa kweli?

Bunyoro, Nkore, Karagwe na Buhaya wanawakumbuka kama watawala wa ajabu waliokuja, wakatawala muda mfupi, wakatoweka, na baadaye wakawa mizimu inayopandisha watu vichwani. Zamani watafiti walijaribu kuunganisha moja kwa moja: Bigo ni mji mkuu wao, mfalme fulani alikaa hapa. Siku hizi wengi wamelegeza. Ninavyoona mimi, Wachwezi ni namna watu walivyohifadhi kumbukumbu ya kipindi kirefu cha mageuzi, na pia ni mahekalu na waganga, wengi wao wanawake, ambao nguvu yao haikutoka kwa mfalme na wakati mwingine ilimpinga.

Si tuliambiwa falme hizi zililetwa na watu weupe kutoka kaskazini?

Tuliambiwa, na aliyetuambia ana jina. John Hanning Speke, aliyeliona ziwa hili kutoka vilima vya Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, aliandika mwaka 1863 kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walikuwa jamii iliyotoka Ethiopia na kuwatawala wenyeji duni. Hakuchimba hata shimo moja. Nadharia hiyo ya Wahamiti ilifundishwa mashuleni kwa miongo mingi, ikagawa watu kwa pua na urefu, na Rwanda na Burundi zililipa kwa damu. Vigae vya Ntusi havionyeshi wavamizi. Vinaonyesha wenyeji waliobadilika hatua kwa hatua, wakipokea na kutoa kama watu wote duniani.

Na watemi wa Usukuma?

Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na himaya ndogo ndogo nyingi, kila moja na ntemi wake. Wengi hulihusisha jina hilo na kutema, wa kwanza kutema msitu ili watu wakae. Ntemi aliwajibika kwa mvua na mbegu, akashauriwa na banang'oma, wazee wa baraza lake, na kiti kilikwenda kwa mtoto wa dada yake hadi wakati wa ukoloni ulipovuruga. Mvua ikigoma, kiti kiliweza kumponyoka. Ukerewe nako ukoo wa watawala, Wasilanga, husimulia kwamba ulivuka maji kutoka Ihangiro, huko Buhaya. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963.

Wako wanaosema himaya ndogo ni "hatua ya chini" kuelekea ufalme mkubwa. Sikubali. Watu waliona Buganda, walisikia Karagwe, na bado wakapanga mambo yao kwa namna ambayo mtawala hakuweza kuwa mzito kupita kiasi. Hiyo nayo ni siasa iliyofikiriwa.

Walifanya biashara gani?

Majembe, samaki wakavu, nafaka, mifugo na chumvi. Misafara ya Wasukuma ilitembea hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi, safari ya kiume yenye miiko yake. Chumvi ya Uvinza, Kigoma, imechemshwa tangu karne ya 5 au ya 6 hivi.

Michoro ya miambani ilichorwa na nani?

Kuna aina zaidi ya moja. Bwanjai, Kagera, kuna michoro myekundu ya watu na ng'ombe kwa mistari michache. Visiwani, Mfangano upande wa Kenya na Lolui upande wa Uganda, kuna miduara ndani ya miduara, ambayo huhusishwa na jamii za Watwa, wawindaji wa zamani. Mfangano wenyeji waliendelea kuziheshimu sehemu hizo kama mahali pa kuombea mvua. Lolui kuna pia mawe yanayolia kama kengele yakigongwa, na mamia ya mashimo ya kusagia.

Tafadhali msimwagie maji mchoro "ili uonekane vizuri kwenye picha." Rangi huondoka na chumvi za jiwe hupanda juu. Nimeona mchoro mmoja ukififia hivyo ndani ya miaka michache.

Eti chini ya miamba kuna dhahabu ya Mjerumani?

Hakuna swali lililoharibu mambo ya kale katika ukanda huu kama hili. Watu wanakuja usiku na mashine, wanafukua makaburi, wanapasua mawe yenye alama wakidhani ni ramani. Alama nyingi wanazozifukuzia ni mashimo ya kusagia au ya bao. Niliwahi kufika kwenye pango nililolizoea nikakuta sakafu yote imegeuzwa, majivu ya juu yako chini, vigae vimetupwa nje kama taka. Tabaka likishavurugwa halirudishiki. Kigae kilichotoka mahali pake ni sawa na ukurasa ulionyofolewa: maneno yapo, hadithi haipo.

Miaka hii inapimwaje?

Zaidi kwa kaboni 14. Kila kilichokuwa hai hubeba kaboni hiyo, na kikifa nusu yake hupotea kwa kila miaka 5,730 hivi. Kipande cha mkaa au mbegu hutosha. Jiwe halipimwi hivyo, ndiyo maana mchimbaji hufurahia mkaa kuliko kisu.

Nimeokota kitu. Nifanye nini? Na je, ninaweza kuchimba mwenyewe?

Kuchimba bila kibali hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji unahitaji leseni. Ukiokota kitu juu ya ardhi, afadhali ukiache hapo, upige picha ukiweka kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, uandike mahali, kisha utoe taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya halmashauri au Idara ya Mambo ya Kale. Ukikuta trekta linakata kilima chenye vigae, usisubiri Jumatatu.

Niende wapi nikaone?

Anza na Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Ngoma za watemi ziko pale. Kisha, ukipata nauli, vuka uende Katuruka, Maruku. Waliofika Thimlich Ohinga hawajuti.

Bibi yangu kijijini ana chungu cha zamani chenye nakshi ya kamba. Nikikipeleka makumbusho watakinunua?

Usianze na bei. Keti naye kwanza. Muulize alikitoa kwa nani, udongo ulichimbwa wapi, nakshi ile aliiviringisha kwa kitu gani, kamba ya majani gani, na nani aliruhusiwa kukinywea. Mrekodi kwenye simu kwa Kisukuma chake au Kikerewe chake, usimkatize kwa kutafsiri. Nakshi hiyo ina zaidi ya miaka 1,000 kando ya ziwa hili, na yeye ni kati ya wachache waliobaki wanaojua mkono unavyoiviringisha. Chungu kinaweza kusubiri kabatini.